Kutoka Kwihara hadi Ujiji, nikitazama kuta

Kutoka Tabora mjini hadi Kwihara ni kilomita 6 hivi, na bodaboda inafika kabla ya nusu saa kuisha. Nilikwenda mwezi wa tisa, kiangazi kikiwa ukingoni, maana huo ndio wakati wa kuikagua nyumba ya udongo. Nyufa zote ziko wazi, na mwenye nyumba bado ana wiki kadhaa za kuziziba kabla ya mvua za Novemba.

Tembe la Kwihara, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa, wengi wanalijua kwa ajili ya wasafiri Stanley na Livingstone, waliofika hapo Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka mwezi uliofuata, Livingstone akabaki hadi tarehe 25 Agosti. Leo ni makumbusho. Anayependa nyumba ana la kutazama hata bila wageni hao wawili: mlango wa kuchongwa kwa mtindo wa Unguja, umekaa kwenye nyumba ya paa bapa kama wanavyojenga watu wa bara. Mitindo miwili iliyotoka mbali imekutana kwenye kizingiti kimoja, na inapendeza sana.

Paa la tembe ndilo lenye elimu. Nguzo zenye panda husimamishwa kila mita moja na nusu au pungufu. Juu ya panda hulazwa boriti, juu ya boriti fito zilizobanana, kisha nyasi, na mwisho udongo uliopondwa hadi ufike unene wa sentimita 15 au 20. Sasa piga hesabu. Sentimita 15 za udongo mkavu ni kama kilo 240 kwa kila mita ya mraba, na ukilowa unapita kilo 280. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinabebeshwa karibu tani 3 kabla tone la mvua halijaanguka. Ndiyo maana vyumba vya tembe ni vyembamba na nguzo zake ni nyingi. Anayeondoa nguzo moja ili apate nafasi ya kabati anajitafutia msiba.

Mchwa huanzia kwenye kitako cha nguzo, nao hula ndani kwa ndani huku gome likibaki zima. Gonga kwa nyundo kuanzia chini: ukisikia mlio wa debe tupu, badilisha nguzo mwaka huohuo. Tena, paa bapa halitakiwi kuwa bapa kweli. Linahitaji mteremko wa sentimita 3 kwa kila mita kuelekea kwenye mlizamu, yaani mfereji wa kutolea maji, na mlizamu utokeze nje angalau sentimita 40, la sivyo maji yanaulamba ukuta. Tabora hupata takriban milimita 900 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo chumba kile kimoja kinapokea karibu lita 11,000. Maji yote hayo lazima yawe na njia ya kutokea.

Nikirudi, nilisimama kwenye nyumba moja ambayo bibi mmoja alikuwa anaisiriba. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaendelea na kazi. Tabaka la kwanza lilikuwa limekauka: udongo wa kichuguu ndoo moja, mchanga ndoo mbili, na nyasi zilizokatwa fupi kama urefu wa kidole. Tabaka la juu ni jepesi, la udongo uliochekechwa na kuchanganywa na mavi ya ng'ombe yaliyochachuka siku nne. Alipaka kipande kama mita moja, akasubiri kianze kuvuta, ndipo akapitisha vidole vinne kwa pamoja kutoka kushoto kwenda kulia, mkono ukipanda na kushuka. Mawimbi manne yakatokea, yakafuatana hadi kwenye kona bila kukatika. Kati ya mawimbi alitia majivu meupe, na chini akazungushia mkanda mweusi wa masizi. Nilipotaka kugusa akasema, "Usiguse leo, bado bichi. Njoo kesho jioni."

Mkanda ule mweusi una kazi yake. Matone ya mvua yakigonga ardhi huruka na matope hadi nusu mita ukutani, kwa hiyo sehemu ya chini ndiyo inayolika. Bibi huirudia kila mwaka. Mawimbi ya juu anayarudia yakichakaa. Michoro ya ukutani ya zamani ya huku, ile ya wayeye, chama cha waganga wa nyoka wa Unyamwezi na Usukuma, ilichorwa ndani ya nyumba, mbali na mvua.

Nyumba ya jirani ilikuwa imepigwa lipu ya simenti juu ya ukuta wa udongo, na vipande vikubwa vilikuwa vimeanguka. Udongo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, simenti haiufuati. Maji yanaingia kwenye ufa mdogo, yanakosa pa kutokea, lipu inaachia. Ukiigonga utasikia uwazi nyuma yake. Inaniuma kila ninapoiona, kwa sababu mwenye nyumba amenunua mifuko ya simenti kwa fedha ya jasho lake ili aupatie ukuta wake ugonjwa.

Treni ikanipeleka Kigoma, kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Njiani kuta zinabadilika taratibu, tanuri za tofali za kuchoma zinaongezeka kando ya vijiji.

Ujiji ni baraza na miembe. Nilikuwa nimeelekezwa kwenye nyumba ambayo ukuta wake wa mbele umepachikwa sahani na chupa. Kupachika vyombo ukutani pwani wanakufahamu tangu zamani: makaburi ya Kunduchi yana nguzo zilizotiwa bakuli za Kichina. Mzee mwenye nyumba ameanza na chupa. Kwa chupa za nusu lita zenye kipenyo cha sentimita 7, ukiacha sentimita 2 na nusu katikati, mita moja ya mraba inakula chupa kama 110. Hutumia zilizovunjika midomo, kwa kuwa nzima zina thamani ya kurudishwa. Mchanganyiko wake ni simenti ndoo moja, chokaa nusu ndoo, mchanga ndoo nne. Mistari minne kwa siku, basi. Kioo hakinywi maji kama tofali, kwa hiyo ukipandisha mingi, ya chini inateleza na ukuta unatoa tumbo.

Kazi kama hii iko hata Marekani: huko Los Angeles, fundi Simon Rodia alijenga minara yake peke yake kati ya 1921 na 1954, mrefu kuliko yote ukifika karibu mita 30: nondo zimefungwa waya, zimefunikwa simenti, zimepachikwa vigae na kombe. Mwaka 1959, jiji lilipotaka kuibomoa, mnara mmoja ulivutwa kwa nguvu ya kama kilo 4,500 ukasimama. Lakini nyufa zake zinatibiwa hadi leo, na tao la lango la mzee lina ugonjwa uleule: simenti juu ya nondo ni nyembamba, maji yamepenya, kutu imevimba na kuipasua. Nilimwambia afunike kwa sentimita 2 na nusu, akakubali kulibomoa. Nilimwomba pia afunge kitambaa na kuvaa miwani anapovunja chupa. Huko Nieu-Bethesda, Afrika Kusini, msanii Helen Martins alizipamba kuta za ndani za nyumba yake kwa chenga za kioo alizosaga, na kioo kile kikamharibu macho.

Sahani za mzee zinaanguka, akaniuliza sababu. Tulibandua moja. Mgongo wake ulikuwa na duara safi: hewa ilibaki ndani ya kitako. Inabidi kuujaza mgongo wa sahani kwanza kwa mwiko, kisha kuibana ukutani huku ukiizungusha kidogo mpaka mchanganyiko utokeze pembeni pande zote. Vigae vya udongo visivyo na rangi ya kung'aa vilowekwe kwanza, visije vikanyonya maji ya simenti.

Sehemu iliyo juu ya dirisha ilikuwa bado tupu. Sahani tisa zilikuwa zimepangwa barazani, zimeoshwa mafuta kwa sabuni, mgongo juu. Jua lilikuwa kali mno. Tukasubiri saa kumi, kivuli cha mwembe kifike ukutani, ndipo akachanganya karai la kwanza.