Pesa za walemavu zikifika sabkaunti, mtoto asiyeongea anapata nini?

Leo nataka niongelee bajeti. Sio ile ya Juni tunayoiangalia kwenye tivii, hapana, naongelea hii ya huku chini, ya wilaya na ya sabkaunti, ile serikali ndogo iliyo chini ya wilaya, inayopangwa na watu tunaokutana nao sokoni na msikitini na kwenye matanga. Hio ndo inayoamua kama mtoto wa dada yangu atakula akiwa amekaa au ataendelea kulishwa amelala chali mpaka uji umuingie kwenye mapafu.

Niko Busia, upande wa Uganda. Mtoto mwenyewe ana miaka tisa sasa. Alipokuwa mdogo alipigwa na malaria ikapanda kichwani, ile malaria ikaisha lakini ikamuacha hivi alivyo, shingo haikazi, mikono inajikunja, haongei, ila akisikia sauti ya mama yake mlangoni anacheka mwili mzima. Hospitali wanasema mtindio wa ubongo. Wako wengine wana usonji, wengine Down sindromu, wengine akili imechelewa kukua tu na hamna aliyewahi kuwaambia wazazi ni nini, na wengi wao kifafa kiko juu yake. Hawa ndo walemavu wanaosahauliwa hata pale walemavu wenyewe wanapokumbukwa, na hilo ndo linaloniuma mpaka nakaa kuandika.

Maana pesa zipo jamani. Ni kidogo lakini zipo. Kuna ile granti ya walemavu ya wizara ya jinsia, kikundi kinaandika mradi wao, kufuga nguruwe, kushona, kuuza nafaka, na kikipita kinaweza kupata mpaka shilingi milioni 5 za Uganda. Alafu kuna PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, ile rais aliyoizindua wilaya ya Kibuku mwezi wa pili 2022, milioni 100 kila parishi kila mwaka (parishi ni vijiji kadhaa chini ya sabkaunti, sio ya kanisa), na ndani yake asilimia 10 imewekwa ya watu wenye ulemavu, mtu anapewa milioni 1 kama mkopo, riba asilimia 6 kwa mwaka. Mimi sizibezi hizi pesa hata kidogo. Mtu ambaye polio ilimchukua mguu lakini anajua cherehani, milioni 1 inambadilishia maisha, na nafurahi nikimuona anafungua duka lake asubuhi.

Lakini angalia zilivyotengenezwa. Zote zinataka mtu anayeweza kuingia kikundi, kuweka sahihi, kuhudhuria vikao, kuendesha biashara alafu arudishe. Dada yangu alikwenda kwenye ofisi moja, jina naliacha, mtoto mgongoni, na huyo mtoto sasa ni mzito, miguu inafika kwenye magoti ya mama yake. Akaulizwa, "Mama, kikundi chenu kiko wapi?" Akajibu, "Sebo," yaani bwana, "mtoto wangu hata shingo haikazi, ataingia kikundi gani?" Yule afisa hakuwa mtu mbaya, alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, alafu akamuonyesha fomu, na kweli kwenye ile fomu hamna pahali pa mtoto kama huyu. Ni kweli vikundi vingine vinakubali mzazi aingie kwa niaba ya mtoto, nimeona, lakini hata hapo pesa inanunua nguruwe, hainunui mtu wa kumfanyisha mtoto mazoezi, na nguruwe anataka mikono wakati mikono ya dada yangu yote miwili imeshika mtoto kuanzia asubuhi mpaka analala.

Kwa hio hoja yangu ni moja tu. Mtoto mwenye ulemavu wa ukuaji, yaani hawa niliowataja wa mtindio, usonji na Down, hahitaji mtaji, anahitaji huduma, na huduma inataka laini yake kwenye bajeti ya karibu, mwaka hadi mwaka.

Nieleze huduma ni nini maana watu wanafikiri ni mashine kubwa za hospitali ya Mulago kule Kampala. Mtoto huyu ukimlisha amelala anapaliwa, akipaliwa mara nyingi anapata nimonia, na kumlisha mlo mmoja ilikuwa inachukua hata saa nzima, tena nusu ya uji unaishia kwenye nguo. Mama mmoja aliyefundishwa mjini Mbale ndo akaja kutuonyesha, unamkalisha wima, magoti yamekunjwa, kidevu kishuke kidogo, kijiko kinaingia kutoka mbele usawa wa mdomo, sio kutoka juu, unasubiri ameze kwanza ndo unaleta kingine. Alafu fundi seremala wa hapa hapa akamtengenezea kiti cha kona, mbao tu, mgongo wa pembe ili mabega yaje mbele, kipande katikati ya miguu asiteleze, mkanda wa kitambaa na kimeza kidogo mbele. Haikufika hata laki moja pamoja na misumari. Mtoto akakaa! Mara ya kwanza kuona uso wake uko usawa wa nyuso zetu wakati tunakula, mama yetu mzee akaanza kulia akashindwa kumaliza ugali wake. Hio ndo huduma ninayoisema, mtu wa kufundisha na mbao na misumari.

Na hawa watoto sio kwamba hawahesabiki. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba Iganga na Mayuge, hapo jirani, wakakuta karibu watoto 3 kati ya kila 1,000 wana mtindio wa ubongo, na kwa wale walioupata baada ya kuzaliwa, malaria ndo ilikuwa sababu kubwa. Walivyorudi kuwafuatilia wakakuta hao watoto wanakufa kama mara 25 zaidi ya watoto wengine wa pale pale. Mara 25, tena vifo vya malaria, upungufu wa damu, utapiamlo, vitu vinavyozuilika. Sasa piga hesabu, sabkaunti yenye watoto 10,000 itakuwa na kama 30 hivi wenye mtindio peke yake, usonji na Down bado hujaweka. 30 sio jeshi. Unaweza kuwajua wote kwa majina na nyumba zao.

Pesa itoke wapi, ndo swali la kila kansela, yaani diwani, nikianza haya mambo. Nawaelewa kwa sababu sehemu kubwa kabisa ya pesa ya wilaya inatoka Kampala na inakuja tayari ina jina, hii ya mishahara ya walimu, hii ya barabara, hii ya helt senta, huwezi kuihamisha. Tangu kodi ya kichwa isimamishwe 2005 wilaya nyingi zimebaki na mfuko mwembamba sana wa kwao. Lakini mfuko huo upo, ni ushuru wa soko, leseni za biashara, kodi ya huduma inayokatwa wenye mishahara, na sheria ya serikali za mitaa inasema sabkaunti ibaki na asilimia 65 ya inachokusanya na 35 iende wilayani. Hio 65 baraza lenu lenyewe ndo linaipangia baada ya kutoa mgao wa vijiji na parishi. Sisi watu wa mpakani tunajua ushuru unavyokusanywa, kila gunia linalopita kuna risiti. Kutenga kipande kidogo cha hapo kwa ajili ya nauli ya mtu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali aje sabkaunti mara moja kwa mwezi, mbao za viti, na posho ya mama mmoja mzoefu wa kuzungukia wenzake, hilo sio jambo la kusubiri bunge.

Kuna watu wanafanya zaidi ya hapo. Marekani, jimbo la Ohio, lina kaunti 88 na kila kaunti ina bodi yake ya watu wenye ulemavu wa ukuaji, na sehemu kubwa ya pesa ya hapo karibu inatoka kwenye kodi ya majengo ambayo wananchi wenyewe wanaipigia kura, kwa hio bodi inabidi ije ijieleze kwa majirani, tumefanya hiki na hiki, tuongezeeni au tuachieni ileile. Wakikataa, imekataliwa. Sisi hatuna kodi kama hio vijijini na sisemi tuige. Ninachokipenda pale ni kwamba jirani anajua shilingi yake imekwenda kwa mtoto gani wa mtaa gani. Na hata katiba yetu ya 1995, kifungu cha 35, haisemi ni kazi ya serikali peke yake, inasema serikali na jamii wachukue hatua ili watu wenye ulemavu wafikie uwezo wao wote wa akili na wa mwili. Wa akili umetajwa kabisa.

Alafu hili la uwakilishi. Sheria inatupa makansela wawili wenye ulemavu kwenye baraza, mwanamume na mwanamke, na ni jambo zuri sana, nchi nyingi hazina. Lakini mtu anayechaguliwa ni yule anayeweza kusimama akaomba kura. Mtoto asiyeongea hatachaguliwa, na kijana mwenye akili iliyochelewa hata kwenye mkutano wa walemavu wanamuweka pembeni. Kwa hio sisi wazazi, mama wadogo, mababu, tusipokwenda hamna anayekwenda. Kansela wetu mwenyewe aliniambia hivyo, anatumia kiti cha magurudumu, akasema, "Mama, mimi najua rampu na choo, hayo ya kulisha mtoto nifundisheni ili niyaseme." Nilimheshimu sana kwa hilo.

Na muda wa kwenda una maana yake. Watu wanakimbilia ofisini mwezi wa sita au wa saba, wanakuta bajeti ilishapitishwa kabla ya mwisho wa Mei na mwaka wa pesa umeanza tarehe 1 Julai. Ya maana ni mikutano ya bajeti ya Oktoba na Novemba, na kabla yake vikao vya parishi pale vipaumbele vinapoandikwa. Tena tangu sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 bajeti inaangaliwa kama imezingatia jinsia na usawa, na Tume ya Fursa Sawa ndo inapima, kwa hio ukisimama ukauliza "ya hawa watoto iko laini gani?" huombi msaada, unauliza kitu ambacho sheria inawataka wakijibu.

Sisi huku tumeanza na orodha. Mama mwenye mtoto anakwenda kwa mwenzake, taratibu, maana bado kuna nyumba ambazo mtoto yuko chumba cha nyuma na jirani hajui kama yupo, wanaandika umri, anakaa au hakai, ana kifafa au hana, dawa ya kifafa mara ya mwisho kuipata helt senta ilikuwa lini. Hatuandiki dini wala kabila. Parishi ikikamilika karatasi inapigwa kopi, moja kwa parish chifu, moja kwa CDO, yule afisa wa maendeleo ya jamii, moja inabaki kwetu, na kwenye kikao tunakwenda na kile kiti cha kona wakikague kwa macho na seremala awaambie bei mwenyewe. Kama una mtoto kama wetu na uko pande hizi, mwambie chemani wako wa LC wan, yaani mwenyekiti wa kijiji, akuelekeze kwa mama anayeandika parishi yako, kabla ya Oktoba.