Siku ya rangi klabuni: vinyago vya milimita 28

Kinyago cha rezini (sanamu ndogo ya mchezo wa mezani, ya plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu) kioshwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Mafuta ya kalibu yakibaki, rangi hubanduka mchezo wa kwanza tu. Kikishakauka kabisa, tikisa kopo la rangi ya msingi dakika mbili, puliza kwa mikupuo mifupi, kopo likiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kinyago. Ukiwa mbali mno, au hewa ikiwa na unyevu, uso unatoka na chenga kama msasa. Hapo ni kuanza upya, hakuna ujanja.

Halafu rangi ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji, tabaka mbili nyembamba. Moja nzito huziba macho na mikunjo ya nguo. Rangi isifike kwenye chuma kinachoshika nywele za brashi. Ikikaukia humo, ncha hutawanyika. Mwisho vanishi isiyong'aa, maana mezani vinashikwashikwa mno.