Mchungaji mstaafu akae benchi la ngapi?

Watu wananiuliza sana, mchungaji siku hizi unafanya nini, na wengine wanauliza kwa ile sauti ya kumuuliza mgonjwa kama ameanza kula. Jamani niko mzima. Naamka mapema vilevile, nasoma, mchana nalala bila kumwomba mtu ruhusa. Siku za wiki hazina shida kabisa, shida iko Jumapili.

Kusikiliza mahubiri ya mtu mwingine ni kazi nyie. Miaka yote ibada nimeiona kutokea mimbarini, najua wimbo gani unafuata, kwaya gani imechelewa, mzee gani wa kanisa ameshaanza kusinzia, leo niko katikati ya watu na kichwa hakijui kama tumestaafu. Kijana aliyechukua nafasi yangu akisoma tu andiko mimi nishapanga pointi tatu, akisema "na mwisho kabisa" naangalia saa, maana hiyo mwisho ya sisi wahubiri naijua, huwa ina watoto na wajukuu.

Ila kuna siku alihubiri mwana mpotevu, hiyo Luka 15 ambayo nadhani naweza kuihubiri usingizini, nikasema haya ngoja tumsikie. Yule mdogo akamwacha kabisa, muda wote akakaa na kaka mkubwa aliyegoma kuingia ndani, ngoma zinalia kule, yeye kanuna nje, mpaka baba anatoka kumbembeleza. Halafu akatuambia angalieni hadithi inavyoisha, baba bado yuko nje na kijana wake, kama aliingia au hakuingia hatuambiwi. Akafunga Biblia akakaa. Hakuna mwisho kabisa wala nini. Mama watoto akanigeukia akacheka, nadhani aliona uso wangu.

Sasa simu. Simu zinakuja bado, tena usiku, na nyingi ni za misiba. "Mchungaji wewe ndo ulitufungisha ndoa, watoto umebatiza wewe, mama ametutoka, tunataka uzike wewe." Hapo moyo unakwenda, nisiwadanganye. Ninachofanya naenda nyumbani, nakaa nao, naomba nao, lakini kuongoza mazishi nawaambia ana mchungaji wake, mimi siku hiyo nitakaa na waombolezaji. Wengine wananuna. Wanaona kama najiringa au nimewachoka, lakini nimeshaona misiba ya kutosha kujua kwamba siku ya kuzika watu wamejaa, kigumu kinakuja baadaye wageni wakishaondoka na simu zikanyamaza na mtu anabaki na kabati la nguo za marehemu hajui azipeleke wapi. Hapo anatakiwa mchungaji ambaye atabisha hodi Jumanne bila kualikwa. Kama mazishi nimeongoza mimi halafu nimerudi zangu kulala, yeye ataingiaje mlango ule? Watu wanamjua mchungaji wao msibani zaidi ya mimbarini, na mimi nikiendelea kuchukua kila msiba huyu kijana atabaki mgeni mpaka naye anastaafu.

Wapo wanaonibishia kwa maandiko, eti wito hauna kustaafu. Wito hauna, ofisi inayo. Hesabu 8 iko wazi, Mlawi akifika miaka hamsini anaacha ile kazi ya hemani, ila haambiwi apotee, anabaki kuwasaidia ndugu zake. Wakatoliki nao sheria yao inamtaka paroko akitimiza 75 amwandikie askofu kuomba kung'atuka. Mwingine akaniletea John Wesley, yule mwanzilishi wa Wamethodisti, aliyehubiri mpaka wiki moja hivi kabla ya kufa mwaka 1791, ana miaka 87. Sawa, ila Wesley alikuwa anasafiri, leo hapa kesho kule, hakuwa amekalia kiti ambacho tayari kina mwenyewe.

Kundi jingine ni la umbea. Wanakuja na "enzi zako mchungaji". Kuna mzee mmoja alikuwa analalamika kwamba mahubiri yangu ni marefu, sa hivi ananiambia ya huyu ni mafupi mno! Huyo nikimwona tu namuulizia magoti yake, tunazungumza magoti mpaka anaaga.

Kitu ambacho hakikustaafu ni siri. Mtu alikuja ofisini miaka hiyo akalia, akasema mambo ambayo mwenzi wake hayajui mpaka leo, nakutana nao wote wawili njiani, wanasalimia, na mimi nasalimia, nauliza watoto hawajambo. Hakuna wa kumkabidhi hayo. Ofisi nilikabidhi kwa orodha, funguo, madaftari ya ubatizo, muhuri, haya nitakwenda nayo.

Vitabu ndo nimeanza kugawa. Napenda sana pale Paulo yuko kifungoni, amezeeka, anamwandikia Timotheo amletee lile joho aliloliacha Troa na vile vitabu, hasa vya ngozi. Yaani anajua yuko mwishoni na bado anataka kusoma! Kwa hiyo sijagawa vyote, mama watoto asome hapa aelewe. Vitabu vya ufafanuzi vile vizito nimempa yule kijana mwenzangu, mahubiri yangu ya zamani hapana, yana tarehe pembeni na mengine hata mimi siyaelewi mwandiko.

Jumapili ijayo mwenzangu anakwenda likizo na ameniomba nimshikie zamu. Nimekubali maana ameomba yeye mwenyewe, si wazee wa kanisa wamepitia mlango wa nyuma. Tangu Jumatatu nimeshaandika kurasa nyingi mno, na mama watoto ameshaniambia atakaa benchi la mbele na saa yake, dakika ishirini zikipita anakohoa.