Besi la zamani ndo lilinichagulia wenzangu

Mie napiga besi, nipo Tanga, na kama miaka miwili hivi nilikuwa nahangaika na vitu viwili: gitaa la kizamani lenye ule mlio wa enzi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi za hapa kwetu, na watu wa kupiga nao.

Nikaanzia Dar, jamaa ana besi la kampuni ya Fender anasema la 1966. Nikamwomba tufungue, chini ya kitufe cha voliumu, kwenye kifaa chenyewe, kuna namba zimegongwa, 1377612, yani 137 ni kiwanda kilichotengeneza kifaa hicho, 76 mwaka, 12 wiki. Sasa ama voliumu zimebadilishwa ama gitaa si la 66, na bei yake ilikuwa ya 66 kabisa. Akanuna, nikapanda basi nikarudi.

Nililonunua lilikuwa hapahapa Ngamiani, chini ya kitanda cha mzee mmoja. Nikamwamkia, tukanywa kahawa kwanza, ndo akalivuta, "mwanangu, hili lina miaka halijalia." La Kijapani, jina kichwani limefutika. Nikafumba jicho moja nikaitazama shingo kama seremala anavyotazama ubao, imepinda kidogo kwa mbele lakini haijajisokota, na hapo ndo pa kuangalia, maana iliyopinda unakaza chuma kilichomo ndani ya shingo, iliyojisokota mara nyingi ni hasara. Nikapima nyuzi kwa tepu ya kushonea, inchi 30 badala ya 34 za Fender, fupi. Vyuma vyote kutu, chumvi ya bahari hii. Alitaka laki tatu, tukamalizana mbili na nusu.

Chuma nilikaza robo mzunguko, nikaliacha mpaka kesho yake, robo tena. Nikabadili jeki, nikafunga nyuzi bapa, pikapu, vile vinasa mlio chini ya nyuzi, sikugusa. Mlio wake du, du, halafu unakufa upesi, kama mtu anagonga mlango wa jirani usiku hataki kuamsha watu.

Basi vijana wa kwanza nilokutana nao wanataka sebene toka dakika ya kwanza, wa drams anajaza kila upenyo, besi langu halisikiki, wananambia nunua la nyuzi tano. Wapigaji wazuri wale, ila si wangu.

Tangu hapo simuulizi mtu anapiga nini. Anakuja, tunazungusha kodi tatu za muziki dakika kumi bila kubadili kitu. Wengi dakika ya pili washachoka wanaanza madoido. Fundi cherehani mmoja wa Makorora, mtu wa tumba, alikaa kimya kwenye pigo lake mpaka dakika ya nne, ndo akatia kofi moja palepale besi linapofia. Nikacheka mwenyewe. Huyo ndo akamleta shemeji yake wa gitaa la rizimu.

Jumapili tunafanya mazoezi uani kwetu. Wa gitaa la solo bado hatujapata, wa mwisho alikuja na pedeli sita za kubadili mlio, soketi yenyewe tunayo moja.