Gramu 130, si kilo 1.3: nilivyoimaliza shahada ya miaka miwili ya kilimo

Kosa langu lilijionyesha baada ya siku nne. Kitalu changu cha majaribio, mita 2 kwa mita 5, kilikuwa kimeungua. Majani ya mahindi yalikauka kuanzia nchani, yakajikunja, miche mingine ikalala kabisa. Vitalu vya wenzangu kulia na kushoto vilisimama kijani kibichi, kana kwamba vinanicheka.

Nilikuwa nimeshika jembe tangu utotoni, na kabla ya chuo nilifanya kazi ya kibarua mashambani kwa miaka kadhaa. Nilipojiandikisha kusoma shahada ya miaka miwili, ile iliyo chini ya shahada ya kwanza, nilijiambia nakwenda kuchukua karatasi ya kitu ninachokijua tayari. Darasani nilikuwa mkubwa kuliko karibu wote, wakanibatiza Shangazi. Wiki za kwanza Shangazi ndiye aliyekuwa akiwaonyesha vijana namna ya kupalilia bila kukata mizizi. Kisha zikaja hesabu.

Hesabu iliyouunguza ule mwanzo wangu mzuri ilikuwa hii. Tulitakiwa kuweka naitrojeni kilo 60 kwa hekta, kwa kutumia urea. Urea ina naitrojeni asilimia 46, hivyo ukigawa 60 kwa 0.46 unapata kama kilo 130 za urea. Hekta ni mita za mraba 10,000, na kitalu changu kilikuwa mita za mraba 10, yaani sehemu moja ya elfu. Jibu ni gramu 130. Mimi nilipima kilo 1.3. Nukta iliteleza hatua moja tu kwenye karatasi, na mkono wangu, uliomwaga mbolea miaka yote hiyo, haukushtuka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko alama nilizopoteza.

Mwalimu hakunigombeza. Aliinama, akaokota jani lililokauka, akauliza: "Dada, kwa kipimo chako, hekta nzima ingekula mifuko mingapi?" Nikapiga hesabu palepale. Kilo 1,300. Mifuko 26 ya kilo 50. Nikacheka kwa aibu, maana katika vibarua vyangu vyote sikuwahi kuona mtu akimwaga mifuko 26 ya urea kwenye hekta moja. Kipimo sahihi kilikuwa mifuko miwili na nusu na ushee, kiasi ambacho ningekikubali hata usingizini.

Swali lile nililiiba. Kuanzia siku hiyo hakuna jibu nililoliacha likiwa namba tupu. Nililigeuza kwanza kuwa kitu kinachobebeka. Mifuko, ndoo, hatua za miguu. Tulipojifunza kupima bomba la kupulizia dawa la mgongoni, sikuanza na fomula ya kitabuni. Nilipima eneo la mita za mraba 100, nikajaza maji matupu hadi alama, nikapuliza kwa mwendo wangu wa kawaida, kisha nikapima maji niliyoongeza ili kurudi kwenye alama ileile. Yakiwa lita 2, basi hekta inataka lita 200. Baada ya hapo fomula ilipokuja ubaoni niliitambua kama mtu niliyekwisha kukutana naye njiani.

Mfuko wa mbolea nao ulinipiga chenga. Zile namba tatu nilizozisoma maisha yangu yote nilidhani ni naitrojeni, fosforasi na potasiamu basi. Kumbe kwenye mifuko mingi namba ya pili na ya tatu huhesabiwa kama oksidi, yaani pamoja na oksijeni iliyoungana nayo. Mfuko wa kilo 50 wenye 20 katikati una kilo 10 za oksidi ya fosforasi, na ukizidisha kwa 0.44 unabaki na fosforasi yenyewe kilo 4.4. Kwa potasiamu unazidisha kwa 0.83. Sijui ni wakulima wangapi wameambiwa hivyo; mimi sikuwahi kuambiwa, na niliibeba mifuko hiyo mgongoni.

Sayansi ya udongo ndiyo niliyoipenda, ingawa mtihani wake wa kwanza niliufeli. Nilijua kusema "udongo huu mzuri, ule mbaya". Mtahini alitaka sababu. Kwa hiyo nikawa natembea na mifuko midogo ya udongo kwenye begi. Jioni nalowesha kidogo kiganjani, nafinyanga tonge, kisha nalisukuma kati ya kidole gumba na cha shahada litoke kama utepe. Mchanga unakwaruza na haushikani. Siliti ni laini kama unga. Mfinyanzi unanata na kutoa utepe mrefu. Halafu najaribu kuyaunganisha na vipimo: chembe ya mfinyanzi iko chini ya milimita 0.002, na udogo huo ndio unaoufanya ushike maji na virutubisho. Baada ya mwezi mmoja vidole vyangu vilikuwa vinakisia, na chupa yenye udongo uliotikiswa kwenye maji ikathibitisha, kwa kuwa mchanga hutua chini kwanza na mfinyanzi huchelewa.

Uchachu wa udongo nao nilikuwa nauchukulia kirahisi. pH 5 na pH 6 zilionekana jirani. Ni hadi nilipoelewa kwamba kila hatua ya kushuka ni uchachu mara 10 zaidi ndipo nikajua kwa nini udongo wa pH 5 unaweza kuwekewa mbolea ya fosforasi na mimea bado ikadumaa: alumini inalegea na kuumiza mizizi, na fosforasi inakamatwa kabla mmea haujaifikia. Hapo chokaa ya kilimo inatangulia, tena miezi kadhaa kabla ya kupanda, maana haifanyi kazi kwa siku moja.

Mifugo sina mengi ya kusema. Ilikuwa kukariri: nguruwe hubeba mimba siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, ng'ombe kama siku 283, yai la kuku siku 21. Nilikariri nikiwa nakamua, nikafaulu.

Takwimu nusura inirudishe nyumbani. Sikuona uhusiano wake na shamba hadi nilipopanga jaribio langu la mwisho la mwaka wa kwanza. Nilitaka kulinganisha maharage yaliyowekewa samadi na yasiyowekewa. Nikaweka vitalu vyote vya samadi upande wa chini, kwa sababu toroli lilikuwa rahisi kufika huko. Matokeo yakawa ya ajabu kwa uzuri, nami nikajisifu. Mwalimu wa takwimu akaniuliza mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi. Chini, bila shaka. Basi nilikuwa nimepima mteremko, si samadi.

Ndipo akatusimulia kuhusu Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, ambako majaribio ya ngano ya shamba la Broadbalk yalianza 1843 na bado yanaendelea. Mwanatakwimu Ronald Fisher alifika huko 1919 na kukuta marundo ya takwimu za miaka mingi. Katika kazi yake hapo akajenga hoja ya kugawa vitalu kwa bahati nasibu na kurudia kila tiba, yaani kile kinachojaribiwa kama mbolea, mara kadhaa, ili tofauti za udongo zisijifanye kuwa tofauti za mbolea. Mbinu ambazo leo hutumiwa kujaribu dawa za binadamu zina mizizi katika vitalu vya nafaka na viazi. Kwa mara ya kwanza niliisikiliza takwimu bila kusinzia. Mwaka wa pili nilirudia jaribio, nikaandika namba za vitalu kwenye vipande vya karatasi na kuviokota kutoka kwenye kofia. Samadi ilisaidia kweli, ila kidogo kuliko nilivyotangaza mwanzo.

Kwa wanaouliza nilipata wapi muda: nilifanya kazi asubuhi na kusoma jioni, na mara nyingi nilichoka hadi kulala juu ya daftari. Kilichonisaidia ni kutoandika mambo mara mbili. Nilikuwa na daftari moja la shambani, la penseli tu, kwa sababu wino ukilowa mvua unageuka doa, na nilijifunza hivyo kwa kupoteza vipimo vya wiki mbili. Tarehe, hali ya hewa, nilichoweka, kiasi, nilichokiona. Hilo ndilo nililolisomea mitihani.

Katika mtihani wa mwisho kulikuwa na swali la mbolea la kitalu cha mita za mraba 24. Nilipata jibu, kisha pembeni nikaandika kwa herufi ndogo idadi ya mifuko kwa hekta. Msahihishaji aliizungushia duara jekundu na kuandika "Ya nini hii?" Alama zote alinipa. Takwimu nilipata C.