Nilivyopanda ngazi ya kazi nikiwa msanidi programu anayetumia akili mnemba

Programu za akili mnemba zinazoandika msimbo, yaani maagizo yanayounda programu za kompyuta, zilipoingia ofisini kwetu Dar es Salaam, nilikuwa msanidi wa ngazi ya chini, na kazi nilizopangiwa zilikuwa zilezile ambazo programu hizo zilizimudu vizuri zaidi: fomu za kuingiza taarifa, kurasa za kuorodhesha wateja, ripoti za kupakua na marekebisho madogomadogo ya mwonekano. GitHub Copilot, programu inayompendekezea msanidi msimbo anapoandika, ilikuwa imefunguliwa kwa wasanidi wote mwezi Juni 2022, ChatGPT ikafuata tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, na haukupita muda mrefu kabla kiongozi wetu wa timu hajaanza kumaliza asubuhi moja fomu ambayo mimi ningeishughulikia kwa siku kadhaa. Hakuna aliyeniambia kwamba nafasi yangu ilikuwa mashakani, lakini nililiona mwenyewe: kama nililipwa kwa sababu ya kuandika fomu, basi sababu hiyo ilikuwa inaondoka.

Leo ni msanidi mwandamizi katika kampuni hiyohiyo, na vijana wanaomaliza vyuo huniuliza mara kwa mara kama bado kuna haja ya kujifunza kazi hii. Jibu langu ninalitoa katika kazi moja niliyoiomba wakati ule, ambayo ndiyo iliyobadilisha nafasi yangu.

Kampuni yetu hutengeneza mfumo unaotumiwa na SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, kuweka hesabu za hisa, akiba na mikopo ya wanachama. Wanachama wengi hawafiki tena dirishani kulipa marejesho. Hulipa kwa simu kupitia M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas, ambayo hadi mwaka 2024 iliitwa Tigo Pesa. Sehemu ya mfumo inayopokea malipo hayo ilikuwa imejengwa na watu ambao walikwishaondoka, haikuwa na maelezo ya kutosha, na kila mtu ofisini aliiepuka kwa sababu kosa dogo pale huonekana kwenye fedha za watu. Niliomba nikabidhiwe sehemu hiyo. Niliamini, na bado ninaamini, kwamba mahali ambapo mtu lazima awajibike ndipo msanidi anapoweza kukua, kwa kuwa programu haiwezi kuitwa kwenye kikao kueleza kwa nini rejesho la mwanachama halionekani.

Mwanzoni sikuiomba akili mnemba iandike kitu chochote. Niliitumia kama msaidizi wa kusoma. Niliipatia faili moja baada ya jingine la msimbo, nikauliza kila faili linafanya nini, linategemea masharti gani na lingevunjika katika hali ipi, kisha nikaandika maelezo yangu mwenyewe kwa Kiswahili kwenye daftari na kuendesha msimbo ili nione kama tabia yake inalingana na maelezo hayo. Pale ambapo maelezo ya programu yalitofautiana na kilichotokea kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, ndipo nilipokaa kwa muda mrefu zaidi. Kwa njia hiyo nilielewa mfumo mkubwa kwa haraka kuliko ambavyo ningeweza peke yangu, na uelewa ule ulibaki kichwani mwangu, jambo ambalo lisingetokea kama ningepewa msimbo uliokamilika na kuubandika tu.

Shida ya kwanza kubwa ilitoka kwa mhasibu wa SACCOS mojawapo, mama mwenye uzoefu wa miaka mingi katika ushirika. Alinipigia simu, na baada ya kumwamkia alisema, "Mwanangu, hesabu ya mwezi haifungi. Kila mwisho wa mwezi kuna fedha zinarudi nyuma." Nilimwomba anitajie miamala michache, nikaona kwamba yote ilikuwa imefanyika kati ya saa sita na saa tisa usiku. Seva ilikuwa ikihifadhi muda wa dunia (UTC), ambao uko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, na ripoti ilikuwa ikikata mwezi kwa kufuata muda huo bila kuugeuza. Rejesho lililolipwa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai lilihesabiwa kuwa la saa tano usiku, tarehe 30 Juni. Akili mnemba ilinisaidia kutafuta kila mahali kwenye msimbo ambapo tarehe ilikatwa kwa njia hiyo, kazi ya kuchosha ambayo iliifanya vyema. Lakini maneno ya mama yule, "zinarudi nyuma", ndiyo yaliyoniambia nitafute nini. Tangu siku ile nilianza kuwatembelea wahasibu badala ya kusubiri taarifa zao zipitie kwa watu watatu kabla ya kunifikia.

Ziara hizo zilizaa mbinu ambayo naithamini kuliko zote nilizojifunza. Mhasibu anaponieleza kanuni, kwa mfano kwamba malipo ya mwanachama aliyechelewa yanakata faini kwanza, kisha riba, kisha deni la msingi, mimi huiandika kanuni hiyo kwa Kiswahili kama alivyoisema, pamoja na mifano ya tarakimu aliyoikokotoa yeye kwa mkono. Kisha huipa akili mnemba maandishi hayo na kuitaka iandike majaribio ya kiotomatiki tu, yaani programu ndogo zinazopima kama msimbo unatoa matokeo yanayotarajiwa, bila kugusa msimbo wenyewe. Programu hizi zinaelewa Kiswahili cha kawaida vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Ninayasoma majaribio yale mstari kwa mstari, namrudia mhasibu na matokeo yanayotarajiwa, na akiyakubali ndipo msimbo unaandikwa mpaka majaribio yote yapite. Kwa mpangilio huu, anayeamua kipi ni sahihi ni mtu anayeijua kazi, na kasi ya programu inatumika pale inapostahili.

Usomaji huo wa mstari kwa mstari ulionyesha jambo ambalo ningependa kila msanidi wa ukanda wetu alizingatie. Programu hizi zimejifunza kutokana na msimbo mwingi ulioandikwa kwa ajili ya masoko mengine, na mazoea ya masoko hayo yanakuja pamoja na msimbo. Mifumo mingi ya malipo ya kadi hutaka kiasi kitajwe kwa senti, hivyo dola 10 hutumwa kama 1000. Nilipoomba sehemu ya kutuma ombi la malipo kwenye simu ya mwanachama, msimbo niliopewa ulizidisha kiasi kwa 100, ingawa mfumo tuliokuwa tukiuunganisha ulipokea shilingi nzima. Rejesho la shilingi 5,000 lingekuwa ombi la shilingi 500,000. Msimbo ulikuwa nadhifu, umepangwa vizuri, wenye maelezo ya kuvutia, na majaribio yaliyotokana na maneno ya mhasibu ndiyo yaliyoukataa. Mambo kama hayo yako mengi, kwa mfano namba za simu ambazo watu huandika kwa kuanza na 0 na kampuni za simu huzitaka zianze na 255. Msanidi anayeishi hapa anayajua haya bila kufundishwa, na ujuzi huo wa mahali sasa una thamani kubwa kazini.

Suala lililonichukua muda mrefu zaidi lilikuwa la malipo kuhesabiwa mara mbili. Mwanachama anapolipa, mfumo wa kampuni ya simu hututumia taarifa, na usipopata jibu letu kwa wakati hutuma taarifa ileile tena. Hilo ni jambo la kawaida na ni zuri, kwa sababu bila kurudia malipo mengine yangepotea. Wajibu wa kutambua marudio ni wetu. Akili mnemba ilipendekeza msimbo utafute kwanza kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, kama namba ya kumbukumbu ya muamala ipo, na isipokuwepo iandikwe. Pendekezo hilo linaonekana sahihi mpaka ufikirie taarifa mbili zinazofika kwa wakati mmoja: zote mbili zinatafuta, zote mbili hazioni kitu, na zote mbili zinaandika. Nilipoielezea hali hiyo kwa maneno, programu iliikubali mara moja na kutoa suluhisho linalofaa, yaani kuiwekea kanzidata yenyewe sharti kwamba namba ya kumbukumbu isijirudie, ili taarifa ya pili ikataliwe hata zikifika pamoja. Nikaandika jaribio linalotuma taarifa nyingi kwa mpigo na kuthibitisha kwamba salio linaongezeka mara moja tu. Hapa ndipo nilipoelewa ukuaji wa msanidi unapimwa kwa nini: programu ilikuwa na jibu tangu mwanzo, ila swali lilipaswa kutoka kwa mtu aliyeijua hatari hiyo. Nililazimika kusoma kwa kina namna kanzidata zinavyoshughulikia kazi zinazokwenda sambamba, na niliitumia akili mnemba kama mwalimu wa kunipa mazoezi na kusahihisha maelezo yangu.

Kuhusu taarifa za wanachama, tulijiwekea msimamo mapema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 2023, na kubandika kumbukumbu za seva zenye majina, namba za simu na salio la watu kwenye huduma iliyo nje ya nchi si jambo la kufanywa kwa mazoea. Niliandika programu ndogo inayobadilisha majina na namba kuwa za kubuni kabla kitu chochote hakijatoka kwenye kompyuta zetu, na uongozi ukaifanya kuwa kanuni ya ofisi nzima. Gharama haikuwa kikwazo kikubwa kama nilivyohofia: Copilot ya mtu binafsi ilianza kwa dola 10 kwa mwezi, na tangu Desemba 2024 ina kiwango cha bure chenye mipaka, kinachomtosha mwanafunzi anayeanza.

Nilijizoeza pia kupima muda badala ya kuamini hisia. Mwezi Julai 2025 taasisi ya METR ya Marekani ilichapisha utafiti uliohusisha wasanidi 16 wenye uzoefu, waliofanya kazi 246 kwenye miradi waliyoifahamu vizuri. Waliporuhusiwa kutumia akili mnemba walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, ilhali wao wenyewe waliamini kwamba walikuwa wameharakisha kwa asilimia 20. Utafiti huo ni mdogo na ulihusu zana za mwanzoni mwa mwaka huo, lakini tofauti kati ya hisia na saa ilinigusa. Daftari langu la muda lilionyesha picha yenye sura mbili: kusoma msimbo nisioujua, kuandika majaribio na kuhamisha taarifa kutoka muundo mmoja kwenda mwingine kulikwenda haraka sana, lakini kurekebisha sehemu niliyokwisha kuijua kwa undani kulikwenda taratibu zaidi nikitumia programu kuliko nikiandika mwenyewe. Sasa naanza kazi ya namna hii ya pili kwa mkono wangu, bila kuona haya.

Ilipofika tathmini ya mwaka, sikupeleka orodha ya vitu nilivyotengeneza. Nilipeleka kurasa chache zinazoeleza hesabu za mwezi zilikuwaje kabla na zilikuwaje baada ya marekebisho, hatari zipi zilizuiwa na kwa majaribio gani, pamoja na maamuzi niliyoyafanya na sababu zake. Maelezo hayo niliyaandika mwenyewe kuanzia neno la kwanza, kwa kuwa nilitaka niweze kutetea kila sentensi mbele ya mkurugenzi na wahasibu. Waliuliza maswali magumu, hasa kuhusu marudio ya malipo, nikayajibu ubaoni. Cheo kilifuata, na pamoja nacho jukumu la kusimamia sehemu yote ya malipo na kupitia msimbo wa wenzangu.

Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo wako chini yangu sasa. Nawaruhusu kutumia akili mnemba tangu siku ya kwanza, kwa sharti kwamba kabla badiliko halijaunganishwa kwenye mfumo, aliyelileta ataketi nami na kunieleza kwa mdomo linafanya nini na litafanyaje taarifa zikija mara mbili, zikichelewa au zisipokuja kabisa. Mmoja wao ameuliza hivi karibuni swali ambalo halimo kwenye msimbo wetu wala kwenye mapendekezo ya programu yoyote tuliyoijaribu: kampuni ya simu ikirudisha malipo yaliyotumwa kimakosa, wakati mkopo ulikwisha kufungwa kwa malipo hayohayo na mdhamini ameachiliwa, deni linafufuliwa kwa jina la nani? Tulimpelekea mama mhasibu swali hilo pamoja. Alilisoma, akasema halina jibu la haraka, na amelipeleka kwenye kamati ya mikopo. Yule mwanafunzi ndiye atakayeandika majaribio wakishatoa uamuzi.