Leo nyuma ya ambulensi

Nimerudi sasa hivi, miguu inawaka moto.

Nasomea uuguzi, na leo nilipangiwa zamu na wahudumu wa ambulensi. Kazi yangu: kutazama, kubeba begi, nisiwazibie watu njia.

Simu ya tatu ilikuwa ya mzee aliyekutwa sakafuni. Haitiki, jasho linamtiririka, mkewe analia kwamba ni kiharusi. Nami niliamini hivyo hivyo!

Mhudumu akamtoboa kidole kwanza. Sukari ya damu 1.6. (Kawaida haishuki chini ya 4.)

Akachomwa glukosi mshipani. Dakika chache tu, mzee akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akauliza:
"Mbona mmekanyaga zulia na viatu?"

Mkewe alicheka huku akilia. Mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye begi.

Wauguzi wenzangu, mgonjwa wenu wa kwanza mnamkumbuka?